Kwa Baiskeli Hadi Mikorosho ya Mama

Tangu nirudi, kila anayeingia ofisi ya walimu ananiuliza jambo lilelile: ni kweli Mwalimu Lema alivaa ile kaptula mpaka Newala? Nimejibu hadi mdomo umechoka, na kila nikijibu mnaanza kucheka kabla sijafika mahali penyewe pa maana. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ndiyo, aliivaa. Sasa nisikilizeni na mengine.

Wengi wenu mnamjua mama yangu, Bi Somoe, anayeishi Lupaso kwa dada yangu mdogo, na mnajua kifua kinavyomsumbua tangu masika. Msilolijua ni kwamba mwezi uliopita aliniita, akawatoa watu wote chumbani, akaniambia hataki kuzikwa Lupaso. Anataka kuzikwa bondeni, chini ya Newala, kwenye shamba alilokuwa nalo kabla hatujahamishiwa kijijini. Huko kuna kaburi la Asumini, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa.

"Nilimwacha peke yake, Issa," akaniambia. "Nenda ukaangalie kama mahali pake papo, na kama hao waliopo sasa watanipokea."

Siku tunahamishwa nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka lori likipiga honi barabarani na mama hayupo, tukamtafuta, tukamkuta chini ya mikorosho yake anapalilia lile kaburi kana kwamba ana siku nzima mbele yake. Baba alikwishakwenda Tanga kwenye mkonge na hakurudi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumharakisha. Baadaye vita vya ng'ambo ya mto, huko Msumbiji, vikafanya bonde lile lisiendeke, kisha mama akahamia Lupaso, na miaka ikapita.

Nilijua ugumu ulipo. Zama hizi za ruksa, biashara ikiwa huria, korosho imepata thamani tena. Malori ya wanunuzi binafsi yanafika hadi milangoni, na watu waliokuwa wamesahau kabisa mahame yao, yale mashamba waliyoyaacha, sasa wanakumbuka kila shina. Huku kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi analima mwingine, kwa hiyo anayerudi anadai miti na aliyeitunza anang'ang'ania, na mabaraza ya vijiji hayapumui. Mgeni kutoka mjini akiulizia shamba la zamani, watu wanafunga midomo. Mimi sikutaka miti. Nilitaka nafasi ya mtu mmoja kulala, lakini ni nani angeniamini?

Masasi hadi Chiwata

Gari la Newala lilikuwa limelala gereji, na fundi alikuwa akisema kesho kila siku. Nikaamua kutumia baiskeli yangu ya Kichina, ile nzito mnayoiita trekta. Mwalimu Lema aliposikia akasema anakuja. Yeye, kama mjuavyo, ni mtu wa Moshi, anafundisha hesabu, na alikuwa amenunua baiskeli ya mashindano kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo na magurudumu yake ni membamba mpaka unayaonea huruma. Pamoja na hiyo baiskeli alikwenda mnadani kwenye mitumba akapata kaptula nyeusi ya kubana, fulana yenye mifuko mitatu mgongoni na kofia ngumu.

Tuliondoka alfajiri, milima ya mawe ya Masasi ikiwa bado myeusi nyuma yetu. Kwenye lami ya mjini Lema alinipita akaniacha mbali. Nikafurahi kimoyomoyo, maana nilijua mbele kuna nini. Lami ilipoisha nikamkuta amesimama katikati ya mchanga, magurudumu yamezama, anaangalia chini kama mtu aliyedondosha ufunguo. Kutoka hapo akawa anapanda kidogo, anasukuma sana.

Msimu ulikuwa wa mabibo. Ninyi wa mikoa mingine mnasema tunda la korosho, lakini sisi tuna jina lake, bibo, na harufu yake ikianza kutanda kwenye mashamba mimi narudi utotoni papo hapo. Njia yote ilinukia. Wanawake walikuwa wameinama chini ya miti wakiokota, watoto wana midomo iliyobabuka kwa utomvu, na nikajikuta naimba wimbo wa shule ambao sikuwa nimeukumbuka tangu niote ndevu.

Karibu na Chiwata akina mama waliokuwa wakitwanga waliiona kaptula. Mmoja akajifunika uso kwa kanga, mwingine akauliza kwa adabu kabisa kama mgeni ameibiwa suruali njiani. Lema hakuelewa kinachochekwa, akawapungia mkono. Tukakaribishwa kivulini, tukaletewa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na kata ya kinywaji. Kabla sijasema neno Lema akaimaliza, akasifu juisi, akaomba nyingine. Ile haikuwa juisi. Ilikuwa uraka, pombe yetu ya mabibo, tamu mdomoni lakini miguuni ina yake. Nilimwambia, naye akanijibu kwamba Mchaga hafundishwi pombe. Alilala pale mpaka jua limepinda, na akina mama wakamfunika kaptula kwa kanga ili watoto waache kuja kutazama.

Nilikasirika, sitaficha. Mama amelala Lupaso anahesabu pumzi, na mimi namlinda mtu mzima asiumwe na sisimizi. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nikisikiliza michi ikipokezana, hasira ikaniisha yenyewe. Mama alikuwa akitwanga hivyohivyo, na mimi nikilala karibu na kinu.

Kupanda hadi Kitangari

Mlima wa kuingia uwanda wa Makonde haupandwi na baiskeli yoyote, ya Kichina wala ya mashindano. Tulisukuma. Lema kichwa kilikuwa kinamwanga, na mvua ya kwanza ya msimu ikatunyeshea kidogo, ya kutosha tu kugeuza vumbi kuwa tope jekundu. Kila nikipumzika nilitazama nyuma, nikaona mashamba ya mikorosho yamelala chini mpaka macho yanakoma, na ile milima ya mawe midogo kwa mbali. Zamani niliushuka mlima huu na sanduku la bati kichwani, nikienda shule ya bweni Masasi, na mama akanisindikiza mpaka nusu ya njia. Sikumbuki tulizungumza nini. Ningelipa chochote kukumbuka.

Kitangari tulifikia kwa Baba Hadija, mwalimu mwenzetu niliyesoma naye chuo. Mkewe, Mama Hadija, alitupokea vizuri sana, akachinja kuku, akapika ugali wa muhogo na mbaazi, kisha akatutengea ndoo ya maji kuoga. Mimi nikatangulia, nikaoga kama tunavyooga watu wa uwandani, vikombe vichache na kitambaa, nikaacha ndoo karibu imejaa. Akaingia Lema. Nilisikia maji yakimwagika kama yuko chini ya bomba la Kilimanjaro. Halafu kukawa kimya, halafu yakamwagika tena, nikainuka kwenda kuchungulia. Mwenzangu alikuwa amemaliza kuoga na yaliyobaki anaoshea tope la baiskeli.

Ninyi wageni, eleweni jambo hili. Juu ya uwanda ule hakuna mto wala kisima cha maana. Maji ya mvua yanakingwa kwenye mashimo, na yakiisha yanafuatwa bondeni kwa kichwa, njia ambayo mwanamke akiianza asubuhi anarudi wengine wamekwishakula. Ndoo ile ilikuwa ya wageni wawili, na kilichobaki kilikuwa cha kupikia uji wa watoto.

Mama Hadija aliitazama baiskeli inavyong'aa, akasema imependeza. Asubuhi tulikuta ameshaondoka na ndoo. Nilimweleza Lema, akaona haya mpaka akataka kumfuata njiani, nikamkataza kwa sababu angemchelewesha zaidi. Nilimwambia kwa ukali kwamba kuanzia pale kabla ya kugusa kitu cha mtu aniulize kwanza. Akaahidi, na nadhani aliahidi kwa moyo wote.

Kitangari hadi Newala

Siku hii ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Barabara ni ya kupanda na kushuka taratibu, mikorosho pande zote mbili, na mchanga ulikuwa umeshikana kwa ile mvua, kwa hiyo hata Lema aliendesha. Tulikwenda sambamba tukizungumza. Aliniuliza kwa nini mama adai nafasi kwenye shamba asilokuwa na hati yake. Nikamweleza kwamba kwetu shamba lile halikuwa la baba hata siku moja, lilikuwa la upande wa mama, na miti aliipanda yeye kwa mikono yake akiwa na mimba ya Asumini. Lema akasema kwao baba angekuwa amelipigania shamba. Lakini kuhusu kaburi alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kwao watu huzikwa palepale kwenye migomba yao, karibu na mlango, na mtu hauzi ardhi yenye wazee wake chini.

Mji wa Newala nimeukuta umebadilika. Maduka yamejaa sabuni na sukari, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni, na kuna redio inayopiga kelele kila kibaraza. Nilitafuta mgahawa nilikonunuliwa chai ya kwanza na mjomba nikaukuta umekuwa ghala la magunia. Vijana wenye mizani walituuliza kama tumekuja kununua korosho au kudai. Kwao ni mambo mawili tu yanayomleta mtu.

Kisha tukafika ukingoni, pale uwanda unapokatika. Wasiofika Newala siwezi kuwaeleza vizuri. Ardhi inaisha miguuni pako, na chini kabisa kuna bonde pana la kijani, na mto Ruvuma unang'aa kwa vipande, na ng'ambo yake Msumbiji. Nilipokuwa mdogo nilidhani dunia nzima ni hiyo. Nilisimama pale, na Lema, ambaye huongea mfululizo, akaja akasimama kando yangu tukatazama.

Mteremko wa bondeni

Kushuka kulikuwa kwa hatari, njia yenyewe ni ya miguu na mawe yanateleza. Tulizishika breki mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukashuka tukazikokota baiskeli. Nilitangulia nikitafuta alama nilizozikumbuka, mwamba wenye ufa na mkondo mkavu, na nilivipata vyote viwili mahali pake. Nilipoiona mikorosho yenyewe niliijua kwa jinsi ilivyopangwa, maana mama hakupanda kwa mstari. Ilikuwa mikubwa, matawi yamegusa ardhi, na chini pamefagiliwa safi. Shamba lilikuwa na mtunzaji mwenye kujali.

Nyumba ilikuwa mwisho wa miti, ya udongo, na mtu wa makamo alikuwa kibarazani anasuka tenga. Nikapiga hodi, akatukaribisha, tukasalimiana. Jina lake Baba Lusia. Kwa matamshi yake nilijua ametoka ng'ambo, mmoja wa wale waliovuka mto wakati wa vita, na kijiji kikampa hame hili alilime. Mkewe, Mama Lusia, alitoka jikoni akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaketi mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Masasi. Ningeanza na habari za safari, kisha afya, kisha taratibu nifike kwa mama.

Sikupata nafasi. Baba Lusia alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mgongo wa Lema, aliyekuwa ameinama kuegemeza baiskeli, na mimi nikageuka nikatazama pia. Mifuko yote mitatu ya fulana ilikuwa imetuna, na juu ya mmoja ilichungulia korosho.

Hapa lazima niwaeleze. Mpita njia ana ruhusa ya kula bibo la mti wowote, hata usiomjua mwenyewe, wala hakuna wa kumuuliza. Lakini korosho yake unainyonyoa unaiacha shinani, na mwenye mti atazikuta zimelundikana. Anayeondoka na korosho anatangaza kwamba mti ni wake. Asiyetangaza hivyo ni mwizi, na mwizi hapigi hodi. Lema alikuwa nyuma yangu akila mabibo mti baada ya mti. Aliona vilundo pale chini, akadhani vimetupwa, na akakusanya ili kumpelekea Mama Hadija afidie maji yake.

Baba Lusia hakupandisha sauti. Aliinuka, akachukua tenga alilokuwa amekaribia kulimaliza, akaliweka mbele ya Lema.

"Mifuko yako midogo," akasema. "Vunia hili."

Lema akashukuru, akidhani amepewa zawadi. Mke wa mwenye nyumba akainamisha uso. Nilijua mlango niliotumwa kuufungua umeshafungwa, na mama ataniuliza, na sitakuwa na jibu.

"Nimeishi hapa nikijua siku moja mtakuja," Baba Lusia akaendelea, sasa akinitazama mimi. "Wenzangu wote wamejiwa. Nilitaraji tu mtaongea kwanza."

Nikaacha yote niliyoyapanga. Nikamwambia mwenzangu ni mgeni wa huku, hajui desturi, na kosa ni langu kwa kutomwambia. Nikamwambia mama yangu ndiye aliyepanda miti hii, ni kweli, lakini hakunituma miti. "Nimekuja kwa sababu ya kaburi," nikasema. "Kuna mtoto alizikwa hapa. Dada yangu. Asumini."

Mama Lusia akainua kichwa. Akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kumbe ana jina."

Akainuka akatuongoza. Nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho mpana kuliko yote, palikuwa na uwanja mdogo uliofagiliwa siku hiyohiyo, umezungushiwa fito kuzuia mbuzi. Nilitarajia kaburi moja. Yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa na mawe yetu, yale mawe bapa ya mkondoni, yamepangwa upya. Mengine mawili, mafupi vilevile, yalikuwa na misalaba ya vijiti.

Mama Lusia alinieleza akiwa amechuchumaa, mkono wake juu ya mawe ya dada yangu. Walipofika hapa, alisema, walikuta mawe yamepangwa kwa vipimo vya mtoto, wakajua hawako peke yao. Mwaka uleule wanawe wawili, Mateusi na Roza, waliugua wakafariki, wakiwa nchi ya watu, hawana ndugu wala mahali. "Nikasema wasilale porini kama hawana kwao," akasema. "Nikawaweka kwa mwenyeji wao. Nikipalilia, naanza na huyu, maana yeye ndiye aliyewakaribisha."

Nikachuchumaa kando yake. Lema alikuwa amevua kofia yake ngumu, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Halafu akaondoka bila kuambiwa, akaenda kwenye shina moja baada ya jingine, akaanza kuzirudisha korosho. Hakukumbuka zipi zilitoka wapi, kwa hiyo aliacha chache kila mahali. Baba Lusia alimtazama mtu mzima mwenye kaptula ya kubana akizunguka miti yake yote, na nikaona bega lake likianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Nikajua tutakula hapo.

Nilitoa ombi la mama baada ya chakula. Baba Lusia akasema neno hilo si lake, ni la mkewe, kwa kuwa yeye ndiye anayepatunza. Aliomba jambo moja tu, kwamba habari ya miti, kuwa hatuidai, niiseme mbele ya majirani wawili, ili asiwe analala akisikiliza nyayo. Waliitwa, nikasema. Kisha sote tukamgeukia Mama Lusia.

"Nafasi ipo," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza, Lusia ameolewa mbali, nikifa nani atawafagilia. Lakini mwambie mama asisubiri kuletwa amebebwa. Aje na miguu yake aniambie huyo mtoto alikuwaje."

Lupaso

Ya kurudi sitayaandika. Tulisukuma, tukapasua mpira, tukapitia kwa Mama Hadija na madumu mawili ya maji tuliyoyachota bondeni na kuyapandisha kwa baiskeli. Lema hakuniruhusu nibebe hata moja.

Lupaso nilifika peke yangu, na tope langu, sikunawa. Mama alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani. Nikakaa kitandani nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, kasoro kaptula. Nilipofika kwenye lile neno la kwamba Asumini ndiye aliyewakaribisha wale watoto, mama aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesifiwa mtoto wake mbele za watu. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akauliza majina ya hao wengine, nikamtajia, akayasema yote matatu pamoja, polepole, Asumini, Mateusi, Roza.

Nilikuwa najiandaa kumwambia habari njema yenyewe, kwamba amekubaliwa, na kwamba akitaka atalala upande wa kulia wa mwanawe. Lakini yeye aliniuliza jambo jingine, kwamba huyo mama anapalilia na nani.

"Peke yake," nikasema.

"Matatu, peke yake," akasema mama, kama anayekemea mtu. Akajiinua, akaegemea ukuta, akamwita dada yangu amletee uji. Aliunywa wote huku mimi nikimtazama. Kisha akaniambia nimtafutie jembe jepesi, la mpini mrefu, kwa sababu mgongo wake siku hizi hautaki kuinama.